Maziwa Yaliyokuja Yakiwa Unga

Tulipohamishwa kutoka nyumbani kwetu juu ya Kibugu na kupelekwa kwenye kijiji cha kulazimishwa wakati wa Hali ya Hatari, nilikuwa msichana wa miaka tisa, darasa la pili. Dada yangu mdogo alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Baba alikuwa kizuizini, na hakuna aliyetuambia ni wapi. Nyumba yetu ilichomwa asubuhi ileile tuliyoondoka. Aliyewasha kiberiti na kukitia kwenye nyasi za paa alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mtu aliyezoea kuja kwetu kuazima shoka. Wakati huo alikuwa amekuwa mkubwa wa homugadi, wenyeji waliopewa silaha na serikali ya mkoloni kutulinda na kutupeleleza. Mama alimwangalia akiwasha, akamwangalia akirudi nyuma kukwepa moshi, kisha akambeba dada yangu mgongoni, mimi akanitwisha mfuko wa wimbi, tukashika njia.

Kabla ya siku hiyo, kutoka shule kwangu kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kula. Nikifika nyumbani nilikuta chungu cha githeri, mahindi na maharagwe, juu ya majivu ya moto, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Mama hakuniuliza nimesoma nini, wala hakunituma maji, mpaka nimekula. Sikujua kwamba hiyo ilikuwa kazi yake. Nilidhani chungu ni kitu kinachokuwepo, kama mlima.

Kijijini nyumba zilipangwa mistari, zote sawa, na kuzunguka zote palichimbwa handaki refu lenye miti iliyochongwa ncha. Mlango ulikuwa mmoja. Alfajiri filimbi ililia na akina mama wote wakatoka kwenda kwenye kazi ya lazima, kuchimba handaki au kukata matuta milimani. Walirudi saa kumi. Kisha walipewa saa moja tu ya kwenda shambani, wakisindikizwa na wenye bunduki, na ukichelewa ulikuta mlango umefungwa. Tena hukuweza kubeba chakula kingi. Homugadi aliyesimama langoni alikipima kikapu chako kwa macho na kuuliza, "Hiki chote unampelekea nani?" Watu wa msituni, waliopigana na serikali, walikuwa wanatafutwa, na kila kiazi cha ziada kilihesabiwa kuwa chao.

Kwa hiyo mtoto akitoka shule saa nane hakumkuta mtu nyumbani wala chochote motoni. Wala hakuruhusiwa kukaa nyumbani peke yake. Sote tulipelekwa kwenye banda la watoto.

Banda hilo lilikuwa la bibi mmoja mzee, tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, ingawa hakuwa nyanya wa yeyote kati yetu. Nyonga yake ilikuwa mbovu, hakuweza kushika jembe, ndiyo maana alipewa kulea watoto wadogo wa kijiji kizima mama zao wakiwa kazini. Kila mama akipita asubuhi alimwachia mtoto pamoja na konzi moja ya unga, wa wimbi au wa mahindi, wowote aliokuwa nao. Cucu aliuchanganya wote kwenye sufuria moja kubwa, akapika uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Wadogo walikunywa kwanza. Sisi wa shule tulikaa nje juu ya gogo, tukingoja kusikia kijiko kikigonga chini ya sufuria. Kilichobaki kilikuwa chetu, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa cha kufuta kwa vidole.

Siku moja nilimkuta dada yangu amekaa na kibuyu chake mbele yake, kimejaa, hajakigusa.

"Hutaki?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Kunywa, Cucu atakugombeza."

Akageuza uso. Nikangoja kidogo, nikaangalia kama Cucu anatazama, kisha nikaunywa wote. Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho kutwa. Nikaanza kutoka shule mbio ili nifike kabla mtoto mwingine hajauona ule uji. Nilijiambia kwamba nisipounywa mimi utanywewa tu na mwingine, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba niliacha kumbembeleza anywe. Nilikuwa naketi karibu naye, namuuliza mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, nikiomba moyoni akatae.

Jambo la ajabu ni kwamba katika majuma hayohayo dada yangu alinenepa. Mashavu yalimjaa. Miguu, iliyokuwa kama vijiti tulipohamia, ilikuwa mizito na laini, na vifundo vya miguu havikuonekana. Mama alimwosha jioni, akamgeuza huku na huku, akasema, "Angalau mmoja wangu ananenepa." Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoiona usoni mwake mwaka ule. Nilipomsikia nilihisi nimesamehewa. Ikiwa mtoto ananenepa bila uji, basi uji si wake.

Majirani nao waliona. Mwanamke wa nyumba ya pili alimwuliza Mama, nusu mzaha, "Wewe mwenzetu unatoa wapi?" Mama akacheka. Baada ya siku chache mzaha ukaisha, na homugadi watatu wakaja kupekua nyumba yetu. Walipindua kitanda, wakachoma kuta kwa mkuki, wakafukua penye jiko. Walipata nusu debe ya unga wa mahindi na mizizi mitano ya nduma.

"Mtoto huyu anakula nini?" mmoja wao akauliza, akimwonyesha dada yangu kwa kidole.

"Anakula ninachokula mimi," Mama akasema.

Yule mtu akamwangalia Mama, ambaye mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, kisha akamwangalia mtoto. Akachukua nduma tatu, wakaondoka.

Baada ya hapo ndipo maziwa yalipokuja. Lori lilishusha magunia mbele ya nyumba ya hedimani, mkuu wa kijiji, na ndani ya magunia mlikuwa na unga mweupe, mwororo kuliko wowote tuliowahi kuona. Tukaambiwa ni maziwa. Sisi tulijua maziwa yanatoka kwa ng'ombe, na ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa. Aliyechaguliwa kuyakoroga alikuwa mke wa yule mkubwa wa homugadi, yuleyule aliyechoma nyumba yetu. Aliweka pipa chini ya paa la bati karibu na lango, akachemsha maji, akakoroga kwa mti mrefu, na kila mtoto aliyetoka shule aliambiwa apite hapo na kikombe.

Siku ya kwanza hakuna aliyekunywa. Usiku wa kuamkia siku ile neno lilikuwa limeenea nyumba kwa nyumba. Wengine walisema ni mifupa iliyosagwa. Wengine walisema ni dawa ya kuwafanya wasichana wasizae, ili baada yetu asipatikane mtu wa kudai ardhi. Mama aliniita, akanishika bega.

"Ukinywa kitu kilichotoka mkononi mwa yule mwanamke, usirudi kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Tulipita mbele ya pipa mstari mzima, vikombe vimegeuzwa chini juu. Yule mwanamke aliendelea kukoroga. Jioni niliona maziwa yakimwagwa handakini, yakitiririka meupe kati ya miti iliyochongwa, nami nikasimama nikiyatazama mpaka udongo ulipoyanywa.

Siku ya nne au ya tano, Mama alirudi kutoka kazini mapema kidogo kwa sababu ya mvua, akaja bandani kutuchukua. Nilikuwa nimeketi na dada yangu. Kibuyu chake kilikuwa mkononi mwangu, kitupu. Cucu hakuniangalia mimi. Alimwambia Mama, "Mwanangu, njoo hapa kidogo."

Akamkalisha dada yangu juu ya goti lake, akaunyoosha mguu wake. Ngozi ilikuwa inang'aa. Cucu akaweka kidole gumba juu ya mguu, akabonyeza, akahesabu polepole kwa Kiembu kama anayepima chumvi, kisha akakiondoa kidole.

Shimo likabaki.

Lilikuwa shimo kamili, la kina, kama mtu anapobonyeza udongo wa kufinyanga. Nilingoja lijae. Halikujaa. Dada yangu hakulia wala hakuuvuta mguu. Alikuwa anatazama mbali, na hapo ndipo nilipoziona nywele zake. Nilikuwa nikiziona kila siku. Zilikuwa zimekuwa chache, zimenyooka, rangi ya kutu.

"Huyu si mnene," Cucu akasema. "Amejaa maji. Niliwaona namna hii wakati wa njaa, nilipokuwa msichana. Hawa wakikataa chakula, si kwa sababu wameshiba."

Mama alikaa chini kwenye tope. Alibonyeza mguu wa pili mwenyewe, na shimo la pili likabaki karibu na la kwanza.

"Lakini anakula," akasema. "Naacha unga kila siku. Cucu, si unampa?"

"Nampa. Nina watoto zaidi ya thelathini. Nikishampa namgeukia mwingine."

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Uji wake nakunywa mimi."

Mama akageuka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kupekuliwa."

Nilifumba macho nikingoja kupigwa. Nilipoyafumbua alikuwa bado ananitazama, na sijawahi tena kutazamwa vile na mtu yeyote. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alinitazama kama anayenihesabu mbavu.

"Ulikuwa na njaa?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

Akageuza uso wake ukutani. Mabega yake yalitikisika mara mbili hivi, kisha yakatulia. Nilitaka sana anipige.

Kesho yake hakwenda kazini filimbi ilipolia. Alijua adhabu yake. Alimbeba dada yangu mgongoni, akakaa mlangoni kwetu mpaka sisi wa shule tuliporudi, kisha akatembea nasi mpaka kwenye pipa. Watoto walikuwa wanapita na vikombe vyao vimegeuzwa. Mama akaingia kwenye mstari, mtu mzima peke yake, na alipofika mbele akasimama ana kwa ana na yule mwanamke. Tangu siku ya moto hawakuwa wamesemezana.

"Nipe mimi kwanza," Mama akasema.

"Ni ya watoto."

"Najua. Nipe mimi kwanza."

Yule mwanamke alimwangalia mtoto aliyekuwa mgongoni. Naamini alijua maana ya zile nywele, maana alitazama muda mrefu. Akachota kikombe. Kabla ya kukitoa, alikipeleka mdomoni mwake akanywa nusu, bila haraka, sisi sote tukiona koo lake likimeza. Kisha akampa Mama kikombe kilekile.

"Wangu pia wanakunywa," akasema. "Wanakunywa ndani ya nyumba, kwa sababu mnawacheka."

Mama akanywa yaliyobaki. Akaketi chini pale pale karibu na pipa, mahali ambapo wanawake wote wakirudi kutoka kuchimba wangemwona, akangoja aone kitakachompata. Walipita wakimtazama. Mmoja alisimama akamwambia, "Umeshawishika?"

Asubuhi tumbo lilimsokota, akatoka nje mara nne. Jirani wa nyumba ya pili alisema kupitia ukutani, "Tulikwambia." Mimi nilikuwa nimeshika kona ya shuka yake nikiamini atakufa, na kwamba ni mimi niliyemwua. Homugadi walikuja wakamchukua kwa kutokwenda kazini siku iliyotangulia. Alichimba mpaka saa kumi na moja badala ya saa kumi. Alipotoka handakini akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akanywa tena. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limetulia. Akachota kikombe, akamweka dada yangu mapajani, akaanza kumnywesha kwa kijiko, matone machache, anangoja, matone mengine. Ilichukua muda mrefu kumaliza robo ya kikombe. Aliponitazama akasema, "Na wewe. Kikombe kizima. Na uji, unywe wako tu."

Laiti mambo yangekuwa mepesi baada ya hapo. Baada ya juma moja dada yangu alianza kukojoa sana, na akayeyuka. Sijui neno jingine. Mashavu yaliondoka kwa siku mbili. Miguu ilinywea, ngozi ikaning'inia kwenye mapaja kama nguo ya mtu mwingine, na chini ya ule unene wote tuliousifu palikuwa na mtoto wa mifupa mitupu ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Mbavu zilihesabika. Magoti yalikuwa makubwa kuliko mapaja. Nilipomwona akioshwa nilikimbilia nje.

Akina mama wachache waliokuwa wameanza kuwaruhusu watoto wao wanywe, waliwaondoa. "Maziwa yanamla mtoto wake," walisema, na walikuwa na sababu, kwa macho yao. Alikuja mnene, alianza kunywa, akawa mifupa. Hata Mama aliyumba. Nilimkuta ameshika kijiko hewani, hakipeleki mdomoni mwa mtoto wala hakirudishi kikombeni. Cucu ndiye aliyemshika mkono.

"Maji yanatoka," akamwambia. "Ulichokiona sasa ndicho kilichokuwepo siku zote. Endelea."

Alasiri moja katika siku hizo, yule mke wa mkubwa wa homugadi alikuja mlangoni kwetu. Alikuja waziwazi, watu wakiona. Alishika bakuli lililofunikwa, na ndani mlikuwa na njahi zilizopondwa, nyeusi, zenye mafuta kidogo, bado zina moto. Njahi ni maharagwe ambayo kwetu hupikiwa mama aliyejifungua. Mama hakumkaribisha ndani.

"Mchanganyie kidogo kidogo," yule mwanamke akasema. "Dada yangu alimponya wake hivyo."

Mama hakulipokea bakuli.

"Siku ile ya nyumba yako," akaendelea, kisha akakwama. "Nilikuwa nimesimama kule ng'ambo. Nilimwona akichukua kiberiti. Sikumwambia neno."

"Najua," Mama akasema. "Nilikuona."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mate yananijaa kwa harufu ya zile njahi, nikiogopa Mama atazikataa.

"Weka hapo," Mama akasema hatimaye, akionyesha jiwe la mlangoni.

Yule mwanamke akaweka bakuli juu ya jiwe akaondoka. Alikuja tena baada ya siku mbili, na tena, mpaka ikawa desturi. Mama alimrudishia bakuli limeoshwa kila mara. Hakumshukuru kwa maneno hata siku moja, wala yule mwanamke hakungoja kushukuriwa.

Dada yangu alipona. Kwanza alirudi kulia, na sauti yake ilitushtua, kwa sababu tulikuwa tumesahau kwamba mtoto wa miaka mitatu anapaswa kulia. Kisha akaanza kudai. Siku moja nilitoka shule nikamkuta bandani amekumbatia kibuyu chake kwa mikono yote miwili, na nilipoketi karibu naye akakivuta upande wa pili, macho kwangu. Cucu alicheka mpaka akashika nyonga. Mimi nilikwenda nyuma ya banda nikalia. Nywele nyeusi zilianza kuota chini, zile za kutu zikabaki nchani, na miezi ikapita kabla ya Mama kuzinyoa. Wale wanawake wengine nao waliona. Mmoja mmoja watoto wao walianza kugeuza vikombe juu, na yule mwanamke akaanza kuhitaji pipa la pili. Lakini mtoto wa nyumba ya pili, aliyekuwa amevimba vilevile, alikuwa ameshazikwa nje ya handaki.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, miaka mingi nikiwa Kaaga, kule Meru, na nimefundisha watoto wa watu wenye mashamba ya chai na watoto wa wauza nyama wa mjini. Sijawahi kumweleza yeyote kati yao habari hii. Mama pia aliisimulia mara moja tu, kwa Baba. Hakuwahi kunikumbusha ule uji, hata nilipomkosea kwa mambo mengine, na nimemjaribu mara nyingi nikidhani atautaja.

Baba alirudi Hali ya Hatari ilipokuwa inaisha. Alikuwa amekonda, anazungumza kidogo. Mama alimweleza yote, isipokuwa ule uji, jioni moja tukila, pamoja na habari za njahi na zilikotoka. Baba aliacha kutafuna. Akamtazama dada yangu, aliyekuwa amekaa karibu yake na sahani yake imejaa, kisha akauliza, "Alikula kutoka nyumba ile?"

"Alikula," Mama akasema. "Nami nilikula."

Baba akasukuma sahani yake kando, akatoka nje. Hawakugombana. Lakini mpaka alipokufa hakumsalimu mtu yeyote wa nyumba ile. Siku za soko tulikuwa tukiteremka wote wanne kwenda Kianjokoma, na tukimwona yule mwanamke anakuja na mzigo wake wa ndizi, Baba alivuka barabara akaendelea na safari yake. Mama alisimama. Aliweka kikapu chini, akampa mkono, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za watoto, taratibu, kama watu wenye siku nzima. Dada yangu na mimi tulibaki katikati ya barabara, tukimwona Baba akizidi kwenda mbele na Mama bado anaongea, tusijue tumfuate nani.